Gari la dizeli likikataa mlima, usianze na pampu

Tulitoka Ruaha Mbuyuni asubuhi, watu wanne na mabegi yetu. Kwenye tambarare Prado lilikwenda vizuri, kilomita 80 kwa saa bila kulalamika. Tulipoanza kupanda Kitonga, shemeji yangu alishusha gia ya nne, ya tatu, kisha ya pili, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari likawa linapanda kwa mwendo wa baiskeli. Semi lenye shehena lilitufikia kwa nyuma, likatuwashia taa. Moshi haukuonekana. Mlio mgeni haukusikika. Geji ya joto ilisimama katikati na taa ya injini haikuwaka. Kwa macho gari lilikuwa zima kabisa, ila nguvu hazikuwepo.

Ni gari la mwaka 1997 lenye injini ya 1KZ-TE, ile ya silinda nne na sentimita za ujazo 2,982 ambayo wengi tunaifahamu kwenye Prado na Surf. Wiki mbili kabla ya safari lilikuwa gereji. Nozo zote nne, yaani vichwa vinavyorusha dizeli ndani ya silinda, zilitolewa zikabadilishwa, fedha ikalipwa, gari likarudi vilevile. Ushauri uliofuata ulikuwa kushusha pampu ya dizeli ikafanyiwe matengenezo, kazi inayomaliza akiba ya mtu ya miezi kadhaa. Pampu ile haikuwa na kosa lolote. Nitaeleza chini tulivyolijua hilo kwa kidumu cha lita tano.

Kisa cha namna hii nimekiona mara nyingi mno, kwa ndugu, kwa majirani, kwa watu wa shamba wanaotegemea pikapu moja. Mtu anasema "gari halivuti", na moja kwa moja macho yanaenda kwenye pampu na nozo kwa kuwa ndizo sehemu za dizeli zenye heshima na bei kubwa. Lakini pampu na nozo zinakaa mwishoni mwa mnyororo mrefu. Kabla hujafika huko kuna tangi, mpira, filta, njia ya hewa, breki, hata zulia la chini ya miguu. Vyote hivyo vinapimika kwa mchana mmoja na spana chache.

Injini isiyo na cheche

Rudolf Diesel alipofanikiwa kuonyesha injini yake ikifanya kazi kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, injini hiyo iliwasha mafuta bila cheche. Kwenye injini kama hii ya Prado, pistoni inabana hewa tupu mpaka ibaki katika nafasi ndogo kuliko sehemu moja ya 20 ya ile ya mwanzo. Hewa iliyobanwa hivyo inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, na dizeli ikirushwa humo kama ukungu inawaka yenyewe.

Tofauti ya pili na petroli ndiyo inayotuhusu zaidi. Kwenye gari la petroli, pedeli inafungua mlango wa hewa. Kwenye dizeli nyingi za zamani injini inavuta hewa yote inayoweza kuvuta, muda wote, na mguu wako unaamua tu dizeli kiasi gani irushwe ndani. Kwa hiyo dizeli ikikosa nguvu, kuna maeneo machache tu ya kutazama: dizeli haifiki ya kutosha, au hewa haitoshi kuichoma, au hewa haibanwi vizuri, au dizeli inafika kwa wakati usio wake. Kisha kuna la tano ambalo watu wanalisahau: injini inazalisha nguvu sawasawa lakini kitu kinazila njiani kabla hazijafika barabarani.

Hewa inadharauliwa sana, ilhali ndiyo chakula kikubwa cha injini. Kuchoma kilo moja ya dizeli kunahitaji zaidi ya kilo 14 za hewa. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa ujazo, lita moja ya dizeli inataka karibu mita 10 za ujazo za hewa, sawa na mapipa 50 ya lita 200, na injini ya dizeli hupenda ipate zaidi ya hapo ili isitoe moshi. Mapipa 50 kwa lita moja tu. Yote yanapita kwenye karatasi ile ya filta ambayo wengine hawaifungui toka mwaka uanze.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini gari lile lile linakuwa jepesi Dar es Salaam na zito Njombe. Kila unapopanda mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa takriban asilimia 10. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Gari lisilo na tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, kama Hiace yenye injini ya 5L au Land Cruiser mkonga yenye 1HZ, linafika kule likiwa na hewa pungufu kwa karibu moja ya tano, na nguvu zinapungua kwa kiasi hichohicho. Huo si ugonjwa. Kabla ya kumpeleka mtu gereji, muulize gari linalegea wapi.

Maswali kabla ya spana

Fundi niliyemheshimu kuliko wote, mzee mmoja wa Makambako, hakuwa anafungua boneti mpaka aulize maswali yake. Lilianza lini? Ghafla au kidogo kidogo? Ukiwa na mzigo tu, au hata tambarare? Likiwa la baridi au likishachemka? Kuna kitu kilifanyiwa kazi wiki ile? Ulijaza mafuta sheli gani?

Majibu yanapunguza kazi nusu. Nguvu zilizopotea kidogo kidogo kwa miaka zinaelekeza kwenye kuchakaa: nozo, masizi, mgandamizo wa hewa kwenye silinda. Zilizopotea siku moja zinaelekeza kwenye kitu kilichochomoka, kilichopasuka au kilichoziba. Zilizopotea baada ya kubadili mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni viende kwa wakati mmoja, zinaelekeza kwenye mkanda huo, hata kama aliyeufunga ni fundi mzuri. Gari linalokwenda vizuri dakika kumi za mwanzo kisha linafifia, ukilizima kidogo linarudi kuwa zima, karibu kila mara lina shida ya dizeli kufika: tangi linashindwa kupumua, au kuna uchafu unaonyonywa kwenye mdomo wa bomba na kuanguka tena injini ikizimwa.

Baada ya maswali, moshi. Mwombe mtu asimame kando ya barabara wakati unapanda kilima ukiwa umekanyaga mpaka mwisho, maana moshi wa gari lililosimama hausemi mengi.

Moshi mweusi ni dizeli iliyoingia ikakosa hewa ya kuichoma. Basi tafuta hewa: filta, mipira ya tabo, tabo yenyewe, njia iliyojaa masizi. Au nozo inamwaga matone badala ya ukungu, na matone hayawaki yakaisha. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli ambayo haikuwaka kabisa. Joto la silinda ni dogo, au inarushwa kwa kuchelewa. Moshi mweupe wenye harufu tamu, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda, na hapo simamisha gari. Moshi wa bluu ni oili.

Gari lisilo na nguvu wala moshi, kama lile la Kitonga, linasema jambo moja kwa sauti kubwa: dizeli haifiki. Ingekuwa inafika, ingewaka na kuleta nguvu, au ingeshindwa kuwaka na kuleta moshi. Hili peke yake lingemwokolea shemeji fedha ya nozo nne, kwa sababu nozo mbovu kwa kawaida huonekana nyuma ya gari.

Vinavyokula nguvu nje ya injini

Hapa nitapita haraka. Endesha kilomita kadhaa, kisha liache gari lisimame lenyewe bila kukanyaga breki, na ushike rimu kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Ile yenye moto kuliko wenzake ina breki inayobana. Kwenye gari la gia za mkono (manual), weka gia ya juu ukiwa mwendo wa kati, kanyaga mafuta: mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Matairi makubwa kuliko yaliyotoka kiwandani nayo yanabadili gia zote, na mwenye gari anashangaa kwa nini gia ya nne haivuti tena.

Sasa zulia. Kwenye pampu za dizeli za zamani zisizo na kompyuta, waya unatoka kwenye pedeli mpaka kwenye kijiti kilicho juu ya pampu. Mtu mmoja akae ndani akanyage mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, wewe uangalie kama kijiti kinagusa skrubu ya mwisho. Nimeona pikapu iliyokuwa imepoteza theluthi ya mwendo wa kijiti kile kwa sababu ya mazulia mawili ya mpira yaliyowekwa moja juu ya jingine na waya uliolegea. Mwenyewe alikuwa ameshaanza kutafuta injini nyingine.

Kidumu cha lita tano

Pampu za dizeli za wakati ule, za kuzunguka, mara nyingi hazina pampu ya kusukuma kule kwenye tangi. Zinanyonya zenyewe, kutoka nyuma ya gari mpaka mbele, kupitia chujio la ndani ya tangi, bomba la chuma, vipande vya mpira, na filta. Popote kwenye njia hiyo pakibana, pampu inavuta utupu. Popote penye ufa mdogo, inavuta hewa, wala huoni dizeli ikidondoka, kwa kuwa kinachoingia ni hewa na kinachotoka hakipo.

Kuna jambo jingine linalofichika hapo. Shinikizo la dizeli ndani ya pampu ndilo linalosukuma kipande kinachowahisha urushaji injini ikizunguka kwa kasi. Dizeli ikifika kidogo, shinikizo linashuka na urushaji unachelewa. Kwa hiyo mpira mmoja uliobana unapunguza kiasi cha dizeli na kuharibu wakati wake kwa pamoja, na pampu nzima inaonekana kama imekufa.

Tulipofika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, tulikodi kona ya gereji ndogo kwa saa mbili. Tulinunua kidumu kipya, tukakiosha kwa dizeli, tukakijaza dizeli safi iliyopita kwenye kitambaa. Tukatoboa tundu dogo kwenye kifuniko ili kipumue. Tukakifunga kwa kamba imara kando ya betri, mbali na ekzosi na tabo, maana dizeli ikimwagikia chuma chenye moto mkali inawaka. Kisha tukachomoa mpira unaoleta dizeli kwenye filta na mahali pake tukaweka mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ukitoka kwenye kidumu. Mpira wa kurudishia dizeli nao tukauingiza humohumo, kwa sababu pampu hurudisha dizeli nyingi na ukiiacha iende kwenye tangi kidumu kinakauka kabla hujamaliza jaribio. Tukapampu kwa hendi pampu, ile ndogo ya kubonyeza kwa mkono iliyo juu ya filta, mpaka ikawa ngumu, tukawasha.

Barabara ya kutoka Ipogolo kupanda mjini Iringa ni kali na haina huruma kwa gari bovu. Shemeji alikanyaga, na Prado likapanda kwa gia ya tatu likiwa bado linataka kuongeza. Alinitazama bila kusema neno. Nilielewa alikuwa anahesabu bei ya zile nozo.

Jaribio hili linagawa gari sehemu mbili. Nguvu zikirudi, ugonjwa uko kati ya tangi na mahali ulipochomoa. Zisiporudi, huko nyuma hakuna tatizo, endelea mbele. Kama mpira ule wa plastiki unaonyesha mapovu hata ukiwa unanyonya kwenye kidumu, huenda hewa inaingilia kwenye mpira huo wenyewe au inaletwa kwenye kidumu na mpira wa kurudishia. Kama mapovu yanaonekana tu ukiunga njia ya tangi, ufa uko nyuma.

Kutoka hapo kazi ni ya subira. Kwanza kifuniko cha tangi: endesha ukiwa umekilegeza, na usikilize kama kinavuta pumzi unapokifungua. Kisha hendi pampu: ikibonyea na kukataa kurudi juu baada ya kupanda kilima, kuna kizuizi nyuma yake. Filta ya dizeli badilisha tu, haina maana kuikagua kwa macho, na ile ya zamani imwage kwenye beseni jeupe uone kama kuna maji au utelezi mweusi. Sisi tuliyafanya hayo na shida ikabaki.

Tuliipata chini ya gari, karibu na tangi, penye mpira wa shubiri moja unaounganisha bomba la tangi na bomba la chuma. Kwa nje ulikuwa mweusi, laini, hauna hata ufa. Niliupasua kwa wembe kwa urefu. Ndani, tabaka la kwanza la mpira lilikuwa limebanduka upande mmoja na kubaki kama ulimi, urefu wa ncha ya kidole. Dizeli ikipita taratibu, ulimi ulilala. Pampu ikivuta kwa nguvu, ulimi ulisimama na kuziba tundu. Ndiyo maana tambarare gari lilikwenda na mlimani likakataa. Mpira mpya wa mafuta na klipu mbili vilimaliza kazi.

Sitaki msomaji aondoke akidhani pampu haiharibiki. Inaharibika, na njia ya haraka ya kuiharibu ni mafuta mabaya. Pampu hizi zinalainishwa na dizeli yenyewe. Hazina oili ya kwao. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, na chuma kinakwaruzana na chuma. Tanzania iliujua ubaya huo kwa gharama: wizi wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli ulifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Ukiona unga unaong'aa kama fedha kwenye dizeli inayotoka kwenye pampu, hapo ndipo pampu imekiri yenyewe.

Upande wa hewa

Moshi ukiwa mweusi, safari inaanzia kwenye filta ya hewa. Itoe, weka tochi upande wa ndani, tazama kama mwanga unapenya. Usiipulize kwa upepo mkali kutoka nje kwenda ndani. Fuata na bomba lote hadi mdomo wake. Panya hupenda kujenga humo gari likikaa, na kwenye mikonga nimeona viota vya nyigu.

Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka unazungusha moja, ya pili inasukuma hewa ndani. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hivyo oili chafu inaimaliza upesi. Ili kuipima, chomoa mpira wa mdomo wake injini ikiwa baridi, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida. Kucheza kwenda mbele na nyuma si kawaida, na alama za feni kukwaruza nyumba yake ni mwisho wa mazungumzo. Lakini tabo nyingi zinazolaumiwa ni nzima. Kilichopasuka ni mpira wa kupeleka hewa kwenye intakula (rejeta ya kupozea hewa hiyo) au kwenye injini. Ufa unafunguka tu shinikizo likipanda, kwa hiyo ukitazama gari limesimama huuoni. Sikiliza mlio wa kupuliza unapopanda kilima, tafuta utepe wa oili nyeusi upande wa chini wa mipira. Kipimo cha kweli ni geji ya shinikizo iliyounganishwa kwa mpira mwembamba na kuletwa ndani ya gari, ukisoma wakati wa kupanda na kulinganisha na kitabu cha injini yako.

Valvu ya EGR inarudisha sehemu ya moshi kwenye hewa inayoingia ili kupunguza gesi fulani zenye sumu. Kazi hiyo ni njema, ila masizi ya moshi yakikutana na mvuke wa oili yanageuka lami. Ifungue uangalie. Nimeona njia ya hewa yenye upana wa chupa ya soda ikiwa imebaki na tundu la kupitisha vidole viwili, na mwenye gari akilaumu nozo. Kusafisha kunachukua siku nzima ya dawa na brashi. Wapo wanaoiziba moja kwa moja kwa bati. Mimi nashauri isafishwe na irudishwe ikifanya kazi, maana moshi unaotoka tunauvuta sisi na watoto wetu.

Ekzosi iliyobonyea kwa kugonga jiwe, au iliyoziba ndani, nayo inafunga pumzi. Ni nadra, lakini kuitazama kunachukua dakika tano.

Sasa ndiyo nozo, taimingi na mgandamizo

Nozo iliyochoka ina dalili zake: injini inatetemeka ikiwa imesimama, kuna mlio mkali wa chuma kugonga kwenye silinda moja, moshi mweusi unatoka kwa vishindo. Kwenye injini zenye pampu ya kuzunguka unaweza kulegeza kidogo nati ya bomba la nozo moja injini ikiwa inaunguruma taratibu. Ukilegeza na mlio ukabadilika, silinda ile inafanya kazi. Usipobadilika, umempata mgonjwa. Vaa miwani na glavu, weka kitambaa, na usipeleke mkono mbele ya nozo au bomba linalovuja hata siku moja: shinikizo hilo linapenyeza dizeli chini ya ngozi, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano linahitaji upasuaji wa haraka. Kwenye dizeli za kisasa za reli moja (common rail), zenye shinikizo la zaidi ya bar 1,000, jaribio hili ni marufuku kabisa. Nozo zikishatoka zipimwe kwenye mashine mbele yako, uone ukungu wake na shinikizo la kufungukia, ambalo kwa injini nyingi za namna hii liko kati ya bar 120 na 160 hivi. Ukiambiwa zimekufa bila kuonyeshwa, omba uonyeshwe.

Taimingi ikirukwa jino moja, gari linawaka na kutembea, ila linakuwa zito, na moshi unabadilika rangi. Alama za mkanda zinatazamwa kwa macho. Za pampu zinapimwa kwa geji ya saa, na kukisia kwa sikio hakutoshi.

Mgandamizo nauweka mwisho kwa sababu majibu yake ndiyo mazito. Gari gumu kuwaka asubuhi ingawa plagi za hita, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, ni nzima, mvuke unaosukuma kwa nguvu ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, oili inayoisha: hapo pima. Geji inafungwa kwenye matundu ya plagi za hita, injini ikiwa na joto, filta ya hewa safi, betri imejaa. Usikimbilie namba moja kubwa tu. Linganisha silinda na silinda. Kwenye injini nyingi za Toyota za kizazi hiki tofauti isizidi kama bar 5. Silinda moja ikiwa chini, huenda ni valvu ambayo nafasi yake imebana, na hiyo inarekebishwa bila kushusha injini. Zote zikiwa chini kwa pamoja, umri umefika.

Kwa magari kama 1KZ-TE, ambayo pampu yake inaongozwa na kompyuta, kuna hatua moja ya bure ambayo ningeiweka hata kabla ya kidumu. Kwenye kisanduku cha vipimo chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, na uhesabu taa ya injini inavyomweka. Soma vizuri majina ya matundu kwenye kifuniko kabla ya kuchomeka waya. Kompyuta ikiwa na malalamiko ya sensa, itayataja kwa namba. Ya shemeji ilimweka mfululizo bila kusita, yaani haina la kusema, na kwa ulimi wa mpira uliokuwa kule nyuma isingekuwa na la kusema.

Prado lile bado linatembea. Shemeji anatumia mlima wa Ipogolo kama kipimo chake: watu wawili, tangi nusu, gia ya tatu kuanzia chini, na anaandika kwenye daftari la gari mwendo alioufikia juu. Mwezi uliopita aliniambia kuna moshi mweusi kidogo anapokanyaga ghafla, na mwendo umeshuka kilomita tano ukilinganisha na wa mwaka jana. Jumamosi tutafungua njia ya hewa tutazame masizi.